Nani Anamlisha Nani: Rekodi Kumi za Utegemezi, Kutoka Qatar Hadi Kibosho

Wataalamu wa takwimu huwagawa watu wa nchi mafungu matatu: watoto wa chini ya miaka 15, watu wa miaka 15 hadi 64, na wazee wa miaka 65 na kuendelea. Fungu la kwanza na la tatu huitwa wategemezi. Idadi yao kwa kila watu 100 wa fungu la kati ndiyo uwiano wa utegemezi. Ni namba moja, lakini imebeba sare za shule, dawa za presha, chakula cha kaya na mustakabali wa bajeti ya serikali. Rekodi zilizo hapa chini zinaanzia taifani, zinapita duniani, kisha zinapanda Mlima Kilimanjaro hadi Kibosho. Huko juu ya Moshi ndiko Tanzania inakoweza kuona mapema sura itakayokuwa nayo miongo ijayo.

1. Mzigo mkubwa kuliko yote: sensa za 1978 na 1988

Tangu sensa ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1967, hakuna kipindi ambacho mabega ya watu wazima yalielemewa kama miaka ya 1970 na 1980. Karibu nusu ya Watanzania walikuwa watoto wa chini ya miaka 15, na uwiano ulikaribia mtegemezi mmoja kwa kila mtu mmoja wa umri wa kufanya kazi. Miaka hiyo hiyo nchi ilipigana vita ya Kagera, ikakosa fedha za kigeni, na watu wakapanga foleni za sukari na sabuni. Wazazi waliolea watoto saba au wanane wakati huo walifanya kazi kubwa ambayo haijawahi kushukuriwa ipasavyo.

2. Mshuko wa polepole, kwa sababu njema

Sensa ya 2012 ilionyesha wategemezi wapatao 92 kwa kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi. Ile ya 2022 ilionyesha takriban 87. Miaka kumi, pointi tano tu. Wanawake wanazaa watoto wachache kuliko mama zao: kiwango cha uzazi kilikuwa zaidi ya watoto sita kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1990, na utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 4.8. Lakini vifo vya watoto vimepungua kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, karibu 150 hawakufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria vimewaacha hai watoto ambao zamani wangezikwa. Anayelalamikia uwiano mkubwa akumbuke kwamba sehemu yake ni watoto hao.

3. Juu kabisa duniani, na chini kabisa

Kileleni zipo Niger, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Chad, ambako wategemezi wanakaribia au kuwapita watu wa umri wa kazi. Mkiani zipo Qatar na Falme za Kiarabu, zenye wategemezi wasiofika 25 kwa kila watu 100. Si kwamba nchi hizo za Ghuba zimepata siri ya uzazi. Zimeajiri mamilioni ya watu wazima kutoka nje, wakiwemo walinzi, madereva na wafanyakazi wa ndani wa Afrika Mashariki, ambao wameacha watoto na wazazi nyumbani. Wanaowategemea huhesabiwa Mombasa, Tanga na Kampala, wakati nguvu zao zinahesabiwa Doha na Dubai. Jambo hilo lina pacha wake ndani ya Tanzania, kama tutakavyoona.

4. Mteremko wa kasi: Korea Kusini, na jirani yetu Kenya

Katika miaka ya 1960 Korea Kusini ilikuwa na wategemezi zaidi ya 80 kwa kila watu 100. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 walikuwa chini ya 40. Kipindi kama hicho, ambacho wategemezi ni wachache na wa kufanya kazi ni wengi, ni dirisha la fursa: ndani yake nchi ilisomesha watoto wake wachache kwa kina na kujenga viwanda vilivyowaajiri. Karibu na sisi, Kenya ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na uzazi wa watoto wapatao wanane kwa mwanamke, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, na uwiano wake ulipita 100. Utafiti wa 2022 ulikuta uzazi umeshuka hadi 3.4, na sensa ya 2019 ilionyesha wategemezi 75 hivi. Dirisha la Wakenya limefunguka, la kwetu ndiyo kwanza linaanza. Nalo halimnufaishi mtu ikiwa vijana hawana ajira: uwiano unaweza kushuka vizuri kwenye karatasi, huku mwenye miaka 25 akiendelea kulishwa na mama yake.

5. Wazee wengi kuliko wote: Japani

Karibu Wajapani watatu kati ya kumi wamepita miaka 65. Hata hivyo uwiano wao wa jumla ni kama 70, mdogo kuliko wetu. Kwa hiyo Mtanzania wa umri wa kazi ana wategemezi wengi kuliko Mjapani. Tofauti ni aina yao. Mtoto unayemlea leo atashika jembe, chaki au usukani kesho. Mzee anahitaji akiba iliyowekwa jana. Nchi iliyojipanga kwa watoto peke yao hushtukizwa na wazee.

6. Mkoa uliokua polepole kuliko yote: Kilimanjaro

Kati ya 2012 na 2022 Tanzania ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka na kufika watu 61,741,120. Kilimanjaro ilikua kwa asilimia 1.3 na kufika watu 1,861,934, ikawa ya mwisho kwa ukuaji katika mikoa yote. Mwaka 1978 mkoa huu ulikuwa na Watanzania watano kati ya kila mia. Mwaka 2022 walibaki watatu. Sababu ni mbili, uzazi na uhamaji, na zote mbili zimepitia darasani. Shule zilikuja mapema pamoja na misheni: ya Kibosho ilianzishwa mwaka 1893. Fedha za kahawa, iliyouzwa kupitia chama cha wakulima kilichoanza mwaka 1925 na kuzaa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, zililipa ada za vizazi kadhaa. Wasichana waliosoma waliolewa wakiwa wamekomaa na kuzaa wachache. Wavulana waliosoma walishuka mlima.

7. Mkoa wa wazee: Kilimanjaro tena

Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Katika sensa ya 2012 Kilimanjaro iliongoza kwa sehemu ya wazee katika watu wake, na Dar es Salaam ikashika mkia. Mizizi ya jambo hili iko kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la urithi. Kwa mila ya Wachaga wa mlimani, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa kihamba chake, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba na kazi ya kuwatunza wazazi. Wa katikati walijitafutia. Ardhi ilipokwisha na vihamba kugawanywa hadi kuwa vipande vya migomba michache, hata kitinda mimba alifunga mzigo akaenda Arusha, Dar es Salaam au Mwanza. Mila ilimteua mlezi wa wazee. Uchumi ukamwita mbali nao.

8. Tofauti kubwa kati ya Agosti na Desemba: Kibosho

Sensa za Tanzania tangu 1967 zimefanyika Agosti, na mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwezi huo wa baridi, nyumba nyingi za Kibosho zina babu, bibi na pengine mjukuu mmoja au wawili. Njoo Krismasi: mabasi yamejaa, magari ya mijini yamepangana njia za Umbwe na Kirima, mbege, pombe ya ndizi, imepikwa, mbuzi amechinjwa, na Watanzania wanatania kwamba Wachaga wamekwenda kuhesabiwa. Laiti wangehesabiwa kweli! Kijiji kinachoonekana Agosti kuwa cha wategemezi watupu kingeonekana Desemba kimejaa watu wa umri wa kazi. Siku nyingine za mwaka watu hao wapo kwa njia ya simu: fedha ya mbolea, ya dawa, ya fundi wa paa. Uwiano wa kijiji hauwaoni, na uwiano wa Dar es Salaam unawaona kana kwamba hawana mtu mlimani.

9. Wategemezi wanaotegemewa zaidi: akina bibi wa mlimani

Kipimo hiki kinamwandika mwanamke wa miaka 70 kuwa mtegemezi. Huko Kibosho mwanamke huyo anapogoa migomba, anakata majani ya ng'ombe wa bandani, anakamua, anachuma kahawa, anapeleka ndizi sokoni, na anamwandaa mjukuu kwenda shule. Wengi wa rika lake walilea wajukuu yatima Ukimwi ulipochukua watu wa umri wa kati, baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kutambuliwa Kagera mwaka 1983. Kumwita mtegemezi ni sahihi kwa kanuni ya hesabu, na ni dhuluma kwa kazi yake. Lakini mgongo una mwisho wake. Ndiyo maana mibuni mingi ya vihamba imezeeka pamoja na wenye nayo: wa kung'oa na kupanda upya hayupo.

10. Pensheni jamii ya kwanza Afrika Mashariki: Zanzibar

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la, kwa fedha za serikali yenyewe. Kiwango hicho kiliongezwa baadaye. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wenye miaka 70. Tanzania Bara ina msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza na ruzuku za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini, lakini haina pensheni ya kila mzee. Mkulima wa kahawa aliyelipa ushuru maisha yake yote anazeeka bila malipo yoyote ya kila mwezi.

Rekodi ambayo haijawekwa

Taifa zima bado ni la watoto: wazee wa miaka 65 na zaidi hawafiki wanne kati ya mia, na hiyo ndiyo nafasi yetu. Pensheni ni nafuu kuianzisha wazee wakiwa wachache kuliko kungoja wajae. Madaktari na wauguzi wa magonjwa ya uzee wanaweza kusomeshwa sasa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaweza kuuliza, pamoja na nani alilala wapi, nani anamtumia nani fedha. Na sisi watoto wa vihamba tuache kuridhika kwamba tumetuma fedha: bibi anahitaji pia mtu wa kumpeleka hospitali Jumatano ya kawaida, mbali kabisa na Krismasi. Vijiji vya mlimani vilitangulia katika elimu, ushirika na uzazi wa mpango, na nchi ikafuata. Vikitangulia pia katika kuwatunza wazee kwa mpango badala ya kwa bahati, hiyo ndiyo rekodi ambayo Kibosho itastahili kuringia.