Kalibu ya Kababu: Kipimo Kimoja kwa Wote

Wahenga wamesema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Usemi huu hutajwa mara nyingi katika mikutano ya ushirika, lakini huzungumzwa kana kwamba unahusu fedha na pamba peke yake. Ukweli ni kwamba mali hupotea hata jikoni, gramu kwa gramu, tena mikononi mwa watu waaminifu kabisa. Makala haya yanaeleza jinsi chombo kidogo, yaani kalibu ya kuumbia kababu bapa, kinavyoweza kuzuia upotevu huo katika vyama vyenye migahawa au vikundi vya upishi, na jinsi kinavyolinda afya ya mlaji.

Kababu bapa ni nini

Kababu bapa ni nyama ya kusaga iliyotiwa viungo, ikabanwa hadi kuwa duara jembamba, kisha ikakaangwa au kuchomwa. Ikiwekwa ndani ya skonzi pamoja na kitunguu na nyanya, huitwa baga. Jijini Mwanza na katika miji ya kando ya Ziwa Victoria, malighafi yake haiko mbali. Iko nyama ya ng'ombe wa Usukuma, na yuko sangara. Sangara si samaki wa asili wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaenea sana katika maji ya Tanzania katika miaka ya 1980. Minofu yake ni minene, nayo haisumbui kwa miiba midogo. Kwa hiyo inafaa sana kwa kababu.

Mahali ambapo hasara hujificha

Chama hununua nyama kwa kilo, lakini huuza kababu kwa idadi. Hapo ndipo penye mwanya. Tuchukue mfano wa kikundi chenye kilo 10 za mchanganyiko uliokwisha kutiwa viungo, kilichoamua kwamba kila kababu mbichi iwe na gramu 80. Hesabu inadai kababu 125. Lakini wapishi wakiumba kwa mikono, na kila kababu ikafikia wastani wa gramu 90, zitapatikana 111 tu. Kababu 14 zimetoweka, na hakuna aliyeiba. Ikiwa kila moja inauzwa kwa shilingi 500, hasara ya siku ni shilingi 7,000. Kwa siku 25 za kazi katika mwezi, ni shilingi 175,000.

Hasara ya fedha si ndogo, lakini iko nyingine kubwa zaidi, nayo ni kupotea kwa imani. Katibu akiona hesabu haikubaliani na kilo zilizonunuliwa, atamshuku mpishi. Mpishi naye atamshuku mtunza ghala. Mnunuzi aliyepewa kababu ndogo kwa bei ile ile aliyolipa jirani yake ataona amepunjwa. Hivyo kundi zima huingia katika manung'uniko ambayo chanzo chake ni mkono mmoja mpana na mwingine mwembamba.

Wanaushirika wa Kanda ya Ziwa hawana haja ya kufundishwa uzito wa jambo hili. Manung'uniko ya wakulima wa pamba juu ya mizani za wanunuzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuungana katika miaka ya 1950, hadi likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ushirika huu ulizaliwa kwa kudai kipimo cha haki. Haifai chama kinachodai kipimo cha haki kwa mnunuzi wa pamba kikakosa kipimo hicho ndani ya jiko lake.

Unene ni suala la uhai

Sababu ya pili ya kutumia kalibu ni usalama. Katika kipande kizima cha nyama, vijidudu vingi hukaa juu, na moto huviua upesi. Nyama ikisagwa, vilivyokuwa juu huchanganywa hadi ndani. Kwa hiyo kababu haina budi kuiva mpaka katikati. Kababu zikitofautiana unene, nyembamba huungua wakati nene ingali mbichi ndani, na mpishi huziondoa zote motoni kwa pamoja.

Madhara yake yamekwisha kuonekana duniani. Mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne walifariki kutokana na baga ambazo hazikuiva vizuri. Kiwango kinachoshauriwa kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga ni nyuzi 71 za Sentigredi katikati ya kababu. Rangi peke yake hudanganya, kwa maana nyama huweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia joto hilo. Ni vyema kikundi kiwe na kipimajoto cha jikoni. Kababu zote zikiwa na unene mmoja, na zikapata moto sawa, kupima mbili au tatu katika kila mkaango hutoa picha ya kuaminika ya zilizobaki. Zisipolingana, kipimo hicho hakina maana.

Jinsi ya kupata kalibu

Kalibu rahisi ni pete yenye kipenyo cha sentimeta 9 na kina cha sentimeta 1.2. Ikijazwa sawasawa mpaka ukingoni, hubeba takribani gramu 80. Pamoja nayo huhitajika kibao laini cha kuwekea, na kikandamizio cha duara chenye mshikio, kinachopita ndani ya pete bila kukwama. Pete iwe ya chuma kisichoshika kutu, na kingo zake zisuguliwe zisikate mikono. Mafundi wa viwanda vidogo wanaweza kuichonga kwa vipimo hivyo. Makopo ya rangi au ya dawa za pamba yasitumike kamwe, hata yakioshwa mara nyingi.

Kabla ya kuikubali kalibu, zipimwe kababu 10 kwa pamoja. Zikiwa na uzito wa gramu 800, kalibu ni sahihi. Zikifikia 850, pete ni ya kina mno na ipunguzwe kwa tupa. Mizani inayotumika iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo.

Utaratibu wa kazi

1. Nyama ya ng'ombe wa kienyeji haina mafuta mengi. Kwa kila sehemu nne za nyama iongezwe sehemu moja ya mafuta, la sivyo kababu itakuwa kavu. Sangara achemshwe kwanza, atolewe miiba, apondwe, kisha achanganywe na viazi vilivyopondwa, yai na chenga za mkate ili ashikamane.

2. Viungo vichanganywe kwa wepesi. Chumvi katika nyama ya ng'ombe itiwe mwishoni, karibu na kuumba. Ikikaa muda mrefu huifanya nyama ishikane na kuwa ngumu kama mpira.

3. Kibaoni kitandikwe kipande cha jani la mgomba lililosafishwa na kupitishwa motoni, kisha pete iwekwe juu yake. Jani huzuia kunata, na baadaye hutenganisha kababu zilizopangwa.

4. Mchanganyiko ujazwe, ufunikwe kwa jani la pili, na kukandamizwa mara moja hadi ulingane na ukingo. Kinachozidi kirudishwe bakulini. Nguvu nyingi haitakiwi, kwa kuwa nyama iliyobanwa mno hukakamaa.

5. Katikati ya kila kababu ya nyama pabonyezwe kidogo kwa kidole. Nyama ikipata moto hujikunja kutoka kandoni na kuvimba katikati. Kibonyeo hicho huifanya ibaki bapa. Ikumbukwe kwamba kababu ya nyama hupoteza takribani robo ya uzito wake motoni, kwa hiyo iumbwe pana kidogo kuliko skonzi.

6. Zisizokaangwa mara moja ziwekwe kwenye jokofu, zisipite siku moja. Pasipo na jokofu, ziumbwe zile tu zitakazopikwa papo hapo.

7. Kila baada ya kazi, pete, kibao na kikandamizio vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vikaushwe juani.

Kazi ya katibu

Kalibu bila kumbukumbu ni nusu ya dawa. Kila siku daftari lionyeshe mambo matano: uzito wa mchanganyiko, idadi iliyotarajiwa, idadi iliyopatikana, zilizouzwa, na zilizobaki au kuharibika. Idadi inayotarajiwa hupatikana kwa kugawa gramu za mchanganyiko kwa 80. Upungufu wa kababu mbili au tatu katika 125 ni wa kawaida, maana nyama kidogo hubaki bakulini na majanini. Upungufu wa kumi na zaidi unadai maelezo siku ile ile, kabla kumbukumbu hazijafifia na maneno hayajaanza. Mpishi na katibu watie sahihi pamoja.

Mpishi aliyezoea kuumba kwa mkono huenda akaona kalibu imeletwa kumchunga. Aelezwe mbele ya wenzake kwamba chombo hicho ni shahidi wake. Siku hesabu itakapopungua, pete na daftari ndivyo vitakavyoonyesha kwamba mkono wake haukupunja wala haukuzidisha. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikiwa kimoja kwa wote, hakuna mwanachama atakayelala na dukuduku.