Juu ya Kuyakata Maneno Marefu ya Kiingereza

Wafundishao Kiingereza huku Makurunge na pwani ya Bagamoyo wamepata kumsikia mtoto akilisoma neno “unteachable” hivi: u-nte-a-cha-ble. Sisi tulimkaripia mtoto wa namna hiyo, tukamwita mzito wa akili. Baadaye tuliona ya kuwa kosa ni letu, kwa sababu alishika vema kanuni tuliyomfundisha katika Kiswahili.

Kanuni hiyo ni kwamba silabi zetu, isipokuwa chache, huishia kwa vokali: Ba-ga-mo-yo, Ma-ku-ru-nge. Ulimi umezoea hivyo hata neno “club”, lenye silabi moja, kwetu limekuwa kilabu, lenye silabi tatu. Lakini Kiingereza mara nyingi huifunga silabi kwa konsonanti: un-teach-a-ble. Tena mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili toka mwisho. Mkazo wa Kiingereza hauna mahali pamoja, na katika neno hili uko katika “teach”.

Kadhalika, kukata kwa sauti si kukata kwa maana. Tutazame neno letu asiyefundishika. Kwa sauti ni a-si-ye-fu-ndi-shi-ka. Kwa maana ni a-si-ye-fund-ish-ik-a. Vipande ni saba huku na saba huku, walakini kisu hakikupita mahali pamoja. Vivyo hivyo “unteachable”: kwa sauti ina vipande vinne, kwa maana vitatu, un-teach-able. “Un” hufanya kazi ya si, “teach” ni fundisha, na “able” ni kama ik yetu. Maneno haya mawili yaandikwe ubaoni, moja chini ya jingine, naye mtoto ataona ya kuwa hata Kiingereza hujenga maneno kwa viungo.

Lakini tuangalie. Si kila “un” ni ya kukana: “uncle” na “under” hazina kiungo hicho. Wala “table” haina “able” ya kuweza, kama vile pika haina ik ya kutendeka, maana ik yake ni ya shina lenyewe. Njia ya kujaribu ni hii: ondoa kipande, kisha uulize kama kilichobaki ni neno lenye maana inayohusiana na ya neno zima.

Faida yake haiishii katika kusoma. Katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, iliyotungwa chini ya Frederick Johnson, pikwa na pikia hutafutwa chini ya pika. Asiyejua kuvua viungo hutafuta bure.

Basi, tukate kwanza kwa maana, ndipo kwa sauti, mwisho tutie mkazo. Na kabla ya kumwita mtoto asiyefundishika, tuulize tulimfundisha nini.