Ukipokea jamaa waliokimbia mapigano

WATU wengi wakisikia neno mkimbizi huona mahema meupe, foleni ya watu wenye sahani na lori la Msalaba Mwekundu. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine haina hema wala lori. Imo katika nyumba ya mjomba, jikoni kwa nyanya, au katika chumba kimoja cha kupanga karibu na stendi ya mabasi.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakatoroka makwao. Kwa hesabu ya serikali, takriban 350,000 waliingia katika kambi 118. Wengine zaidi ya 300,000 walijisitiri kwa jamaa na marafiki. Maelfu ya familia zilizokuwa zikifanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha na mashamba ya majani chai ya Limuru na Kericho zilipanda mabasi kurudi Nyanza, zikashuka Kisumu, Homa Bay na Migori zikiwa na mifuko michache na watoto.

Kambini kuna orodha ya majina, muuguzi na tangi la maji. Kwa mjomba hakuna orodha. Ndiyo sababu wengi wa waliorudi kwa jamaa walilalamika kwa miaka mingi kwamba msaada wa serikali, ikiwemo Sh10,000 za kuanzia maisha na Sh25,000 za kujenga nyumba iliyoteketezwa, haukuwafikia. Na ndiyo sababu, msomaji, siku jamaa zako watakapobisha hodi usiku, daktari wao wa kwanza utakuwa ni wewe. Yafaa ujue la kufanya.

KINACHOUA SI RISASI PEKE YAKE

Katika vita na ghasia, risasi na panga huua siku za mwanzo. Baadaye maradhi ya kawaida hushika zamu: kuhara, homa ya mapafu, surua, malaria na utapiamlo. Mwezi Julai 1994, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia eneo la Goma, Zaire ya wakati huo, katika siku chache. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikuwa tayari wameponea vita. Waliuawa na maji.

Msiba ule uliyafanya mashirika ya misaada kuandika viwango vya chini ambavyo binadamu aliyehamishwa anastahili kupata. Viwango hivyo si vya kambini peke yake. Ukivitumia nyumbani kwako vitakusaidia kupiga hesabu.

MAJI NA CHOO

Kila mtu anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Ikiwa mlikuwa sita na mmepokea sita wengine, mnahitaji lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20. Jiulizeni mapema ni nani atakayeibeba na itatoka wapi. Maji ya ziwa au mto yasinywewe kabla ya kuchemshwa hadi yatokote, au kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, ili mikono na vikombe visitumbukizwe ndani.

Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20, na kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Kipande cha sabuni kando ya choo ni dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Mtu akiharisha, hatari ni kukaukiwa na maji mwilini. Mpe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, au tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi isizidi. Mtoto apewe polepole kila anapoharisha, aendelee kunyonya na kula, na apelekwe kliniki apate vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Kinyesi kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, usingoje kuche. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache.

MALARIA YA MGENI

Hili ni jambo ambalo wenyeji wa kando ya ziwa hulisahau. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha karibu mita 1,900. Mbu wa malaria hawastawi vyema katika baridi ile. Ufuo wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,130, na malaria ipo mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa Homa Bay na kuumwa na mbu tangu utotoni hujenga kinga kidogo kidogo. Binamu yake aliyezaliwa Limuru hana kinga hiyo, hata kama baba na mama yake wote ni wa Ndhiwa. Kinga ya malaria hairithiwi kama jina la ukoo.

Kwa hiyo wageni, hasa watoto na wanawake wajawazito, walale ndani ya neti yenye dawa tangu usiku wa kwanza. Ikiwa neti hazitoshi, hao ndio wa kwanza kupewa. Malaria hujitokeza takriban wiki moja hadi mbili baada ya kuumwa na mbu. Hivyo basi, ugonjwa huja wakati majirani wameacha kuleta unga na mazungumzo yamehamia mambo mengine. Mtoto mgeni akipata homa, apimwe damu siku hiyo hiyo. Akipata degedege, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mwenye ugonjwa wa selimundu aangaliwe zaidi ya wote.

Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini mwezi Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay. Waulize wauguzi iwapo watoto wachanga mliowapokea wanastahili kupewa. Kadhalika hakikisha chanjo ya surua, ya miezi 9 na ya miezi 18, haikurukwa. Kijitabu cha kliniki kikiwa kimeungua au kupotea, usiogope kwenda. Muuguzi huona afadhali kurudia chanjo ya surua kuliko kumwacha mtoto bila kinga.

DAWA ZILIZOACHWA NYUMA

Mtu anayekimbia hubeba mtoto na kitambulisho. Dawa hubaki chini ya mto. Swali la kwanza la afya baada ya salamu na chai liwe hili, tena liulizwe faraghani: "Kuna dawa uliyokuwa ukinywa kila siku?"

Anayetumia insulini huweza kuzidiwa kwa siku chache. Mwenye kifafa akikatiza dawa huweza kuanguka motoni au ziwani. Mwenye shinikizo la damu huweza kupooza. Anayetibiwa kifua kikuu akiacha dawa katikati huwapa vijidudu nafasi ya kujifunza kuishinda dawa, naye akawaambukiza wanaolala naye. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi akikaa wiki chache bila dawa, virusi huanza kuongezeka tena.

Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na Ukimwi nchini, lakini pia ina uzoefu mrefu wa kuutibu. Shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa hizo bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001. Mgonjwa aende kituo cha umma kilicho karibu, hata bila kadi. Ataje jina la dawa, au rangi na umbo la kidonge, na kliniki aliyokuwa akitibiwa. Wewe mwenyeji usidai kujua ugonjwa wake. Mpe nauli na siri yake.

Kulala nako kuna uzito wake. Viwango vinataka kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakifiki mita 10 za mraba, yaani kinatosha watu wawili, labda na mtoto. Kwa desturi ya Waluo, mwana aliyeoa halali katika nyumba ya wazazi wake, wala mkwe hawezi, kwa hiyo familia nzima huweza kusongamana ndani ya simba moja ndogo. Desturi iheshimiwe, lakini madirisha yafunguliwe. Anayekohoa kwa wiki mbili apimwe kifua kikuu.

CHAKULA KWA HESABU

Mtu mzima kwa mtoto, kiwango cha wastani ni kalori 2,100 kwa siku. Mgao unaofikia hapo huwa na takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe, gramu 25 za mafuta, gramu 50 za unga wa uji wenye virutubishi, sukari kidogo na chumvi. Familia ya watu sita hula hivyo kilo 2.4 za nafaka kwa siku. Gunia la mahindi la kilo 90 huwatosha siku 37. Ile pakiti ya unga ya kilo mbili tunayoitoa mbele ya kamera haiwafikishi hata siku moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mahindi yanayopandwa siku ya tatu huliwa baada ya miezi, na miezi hiyo ndiyo inayohitaji gunia.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe ambao wahudumu wa afya wa vijijini huwa nao. Chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na kadhalika miguu yote miwili ikivimba. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kula shibe ya ghafla nyumbani, kwa kuwa mwili uliodhoofika huweza kulemewa. Kituo cha afya kitampa chakula maalumu cha njugu karanga kwa kipimo.

Tafadhali usipeleke maziwa ya kopo kwa mama anayenyonyesha. Hofu haikaushi maziwa. Huyachelewesha tu kutoka, na mtoto akiendelea kunyonya yanarudi. Chupa iliyooshwa kwa maji machafu ndiyo iuayo. Hata mama mwenye virusi vya Ukimwi anashauriwa kunyonyesha maadamu anameza dawa zake. Mpe mama huyo chakula, maji na mahali patulivu pa kukaa.

MAJERAHA YASIYOONEKANA

Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo iliandika kuhusu ubakaji wa wanawake, na hata wanaume. Aliyebakwa akifika hospitali ndani ya saa 72 hupewa dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi, na dawa za kuzuia mimba huweza kutolewa hadi saa 120. Kila saa ina thamani, kwa hiyo aende mapema. Asioge kabla ya kuchunguzwa na nguo zake zihifadhiwe katika karatasi. Matibabu hayangoji barua ya polisi. Hata muda ukipita, aende. Bado kuna matibabu mengine.

Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani huweza kuanza tena. Mtu mzima huota moto na kushtuka mlango ukifungwa. Si wazimu wala mapepo. Wengi hupona wakipata usalama, usingizi, kazi ndogo ya kufanya na shule kwa watoto. Usiwalazimishe kusimulia waliyoyaona. Wakitaka kusema, wasikilize. Dalili zikizidi mwezi, mtu akizama katika pombe au akitaja kujiua, atafutiwe mtaalamu.

MSAADA UPI BASI?

Ewe unayesoma ukiwa mjini, pengine unajiuliza utume nini. Tuma pesa kwa mwenyeji mara kwa mara, hata ikiwa kidogo, badala ya marobota ya nguo kuukuu mara moja. Pesa hununua sabuni, nauli ya kliniki na unga unaopatikana sokoni pale pale. Ongeza neti na mitungi ya maji. Piga simu wiki ya pili na mwezi wa pili, wakati wengine wamesahau.

Mwisho, wageni wako waandikishwe kwa chifu, Msalaba Mwekundu na ofisi za kaunti. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani haisemi lazima mtu alale ndani ya hema ndipo atambuliwe. Mapigano ya mipakani, kama yaliyozuka Sondu mwaka 2023, yanatuonyesha kwamba hodi hizi hazijaisha. Andika orodha leo: neti ngapi, mitungi mingapi, zahanati iko wapi na nani ana gari usiku.