Nauli yabaki mfukoni, mwili wadaiwa

Machi 15, 2020, Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipohimiza makampuni yaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani kwa sababu ya korona, wengi waliihesabu nauli ya matatu kuwa faida. Hesabu hiyo haikukamilika. Kutembea hadi kituoni kulikuwa mazoezi ya bure. Nyumbani, mtu hukaa kitini kutwa, na kazi inayovuka saa za ofisi hula usingizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, kiasi cha kwenda kituoni na kurudi. Anayebaki nyumbani aitenge nusu saa hiyo. Naye mwajiri aliyepunguza pango la ofisi asidai kazi usiku.