Kilimani tulikuwa na wazee, hapa tuna nani?

Sisi tuliotoka Burundi tunajua: kwetu kilimani, watu wakigombania mpaka wa shamba walikwenda kwa Bashingantahe. Hawa hawakupigiwa kura. Majirani walimpima mtu miaka mingi, wakaona hasemi uongo, ndipo akaapa mbele ya watu wote. Fimbo yao inaitwa intahe. Hata Mkataba wa Arusha wa 2000 ulitaka heshima yao irudishwe.

Hapa kambini mambo ni mengine. Tumechanganyika watu wa vilima tofauti, hakuna aliyemwona mwenzake akikua. Kiongozi tunamchagua, na anaweza kuwa mama. Hilo ni zuri, maana zamani mwanamke alibaki nyuma ya mumewe.

Lakini tusidanganyane: kiongozi akiamua peke yake ugomvi wa foleni ya maji, chuki inabaki. Tumpe wazee wa kukaa naye, wanaume kwa wanawake, wasikilize pande zote. Ila kumpiga mke au kumnajisi mtoto si jambo la kusuluhishwa na wazee. Hilo ni la polisi.

Na watoto wetu tuwaeleze intahe ni nini. Wasipoambiwa nyumbani, watajifunzia wapi?