Hewa ya nje inatosha kupoza kabati la inveta?

Ukisimama Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, unaiona Mazinde karibu mita 1,000 chini yako, na mashamba ya mkonge na barabara kuu ya kwenda Same. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Mchana ambao Mazinde ni nyuzi 34, Irente huwa 27 au 28. Kwa vifaa vya umeme, tofauti hiyo ni kubwa.

Jambo hili linazigusa zahanati kuliko watu wengi wanavyodhani. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Pale ambapo friji, taa za chumba cha kujifungulia na darubini ya maabara vinategemea sola yenye betri, umeme kwa kawaida hupita kwenye inveta, na mara nyingi inveta hiyo imefungiwa ndani ya kabati la chuma. Inveta nyingi huanza kujipunguzia nguvu hewa inayozizunguka ikifika nyuzi 40 au 45. Joto likizidi, hujizima zenyewe, tena saa ambayo friji inahitaji umeme kuliko wakati wowote.

Inveta ya kilowati 5 yenye ufanisi wa asilimia 94, ikibeba mzigo wote, hugeuza takriban wati 300 kuwa joto. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka linakula vifaa taratibu. Kapasita hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na betri za risasi na asidi nazo huzeeka kwa kasi inayokaribiana na hiyo zikipita nyuzi 25. Watu hulaumu betri feki, kumbe betri imepikwa.

Kosa linaloonekana sana ni kabati lililozibwa pande zote ili vumbi lisiingie, kisha likawekwa feni ndani. Feni hiyo inazungusha hewa ileile ya moto, na mota yake inaongeza joto. Hewa lazima iingie na itoke. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda kama moshi wa jikoni unaotafuta upenyo chini ya paa. Basi tundu la kuingizia liwe chini, upande wa kivuli, na la kutolea liwe juu, upande wa pili. Yakiwa jirani, hewa hupita mkato na inveta inabaki na joto lake.

Feni nayo ni bora ikae chini, ikisukuma hewa ndani kupitia chujio. Ikikaa juu ikivuta, kabati hunyonya vumbi kwenye kila mwanya wa mlango na kila tundu la waya. Ikisukuma, hewa ndiyo inayotoka kwenye mianya hiyo, na feni yenyewe hudumu kwa kuwa inapitisha hewa baridi.

Ili wati 300 zisipandishe joto la kabati zaidi ya nyuzi 10 juu ya hewa ya nje, Mazinde inahitaji karibu mita za ujazo 100 za hewa kwa saa. Irente inahitaji 110 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni baridi lakini ni hafifu. Feni ya wati 20 inaweza kuifanya kazi hiyo, wakati kiyoyozi kidogo cha ukutani hula wati 700 au zaidi. Kwa zahanati ya sola, hizo ni wati ambazo zingeendesha friji. Hata kituo kikubwa cha kompyuta cha Facebook kilichofunguliwa mwaka 2011 huko Prineville, Oregon, kilijengwa kupozwa kwa hewa ya nje.

Lakini hewa haiji peke yake. Mazinde huja na vumbi, mijusi, na nyigu wanaojenga viota vya udongo kwenye tundu lolote lililo wazi. Wavu mwembamba ni lazima, na chujio lioshwe mara kwa mara msimu wa kiangazi. Lushoto tatizo ni ukungu. Feni ikizunguka usiku kucha, bati hupoa na umande unatua kwenye saketi. Dawa yake ni thamostati inayozima feni kabati likipoa, ili ndani kubaki na joto zaidi kidogo kuliko nje.

Betri za maji zisikae kabati moja na inveta. Zikichajiwa hutoa hidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kuwaka kwa cheche. Zipewe sanduku lao lenye tundu la juu kabisa.

Kwa Mazinde hesabu inabana: 34 kujumlisha 10 ni 44. Ukiongeza hewa mara mbili, joto la ndani linashuka hadi 39. Jua kali nalo humwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kabati la nje lipakwe rangi nyeupe na kuezekwa kibati kilichoachana nalo kidogo, hewa ipite katikati. Fundi akileta bei ya betri mpya, kwanza apime joto la ndani na la nje saa nane mchana, mlango ukiwa umefungwa. Tofauti ikizidi nyuzi 10, pesa ianzie kwenye matundu, feni na kivuli.