Michoro ya Kolo: kwa nini usiimwagie maji

Ukipanda basi la Arusha kwenda Dodoma, ukishapita Babati na kabla hujafika Kondoa mjini utapita Kolo. Wengi hupita hapo wamesinzia. Juu ya vilima vya eneo hilo kuna miamba iliyoinama kama paa, na kwenye kuta zake kuna michoro ya kale. Maeneo yenye michoro yanazidi 150, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Nani aliichora?

Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi. Ni kazi ya wawindaji, waliotumia rangi ya mawe yenye chuma. Utaona twiga, tembo, swala na watu warefu wembamba. Myeupe ilikuja baadaye, wakati wa wakulima na wafugaji. Mahali pengine nyeupe imepakwa juu ya nyekundu, ndiyo maana tunajua ipi ilitangulia. Hadi leo wazee wa Kirangi hufanya matambiko kwenye baadhi ya miamba hiyo.

Hatari iko wapi?

Mjini Moscow, Urusi, mfanyabiashara Pavel Tretyakov alikabidhi jiji lake mkusanyiko wa picha mwaka 1892. Picha zile zina jumba, mlango na mlinzi. Za Kolo zina mwamba tu, na sisi.

Wapo wageni wanaomwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha ya simu. Inang'aa kweli, kwa dakika chache. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya mwamba, na chumvi hiyo hufunika rangi au kuibandua. Wengine huandika majina yao kwa mkaa. Wengine huchimba chini ya miamba wakitafuta mali ya Mjerumani, na vumbi lao hupanda na kuganda ukutani.

Mary Leakey na mumewe Louis walinakili michoro mingi mwaka 1951. Lakini nakala ni karatasi. Mchoro ukifutika, aliyeuchora hayupo wa kuurudia.

Ukienda, ufanye nini?

Anzia ofisi ya kituo pale Kolo, lipia na upewe mwongozaji. Piga picha, usiguse, usimwagie maji, usiwashe moto. Ukiona mtu anachimba, mwambie mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo.